Cessna, Piper au Diamond: mwanafunzi wa urubani anayetoka Tabora ajifunzie ipi kuhesabu mafuta?

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hamjambo huko Ipuli?"

"Hatujambo. Mjomba, vile vyuo vitatu vimenijibu. Kimoja kinafundishia Cessna, kingine Piper, kingine hizi Diamond za dizeli. Ada hazipishani sana. Niende wapi?"

Mpwa wangu amekuwa akitafuta nafasi ya kusomea urubani tangu alipomaliza kidato cha sita. Nilimwomba anipe siku mbili. Ada haikunisumbua, kwa kuwa hilo alishalipigia hesabu na mama yake. Nilichokuwa nakifikiria ni swichi moja ndogo iliyo karibu na rubani, ile ya kuchagua tanki.

Ndege zote tatu ni nzuri, na zote zimefundisha maelfu ya watu. Kwa mwanafunzi, zinapoachana hasa ni kwenye mafuta: yanakaa wapi, yanafikaje kwenye injini, na nani anayeyahesabu safari ikiendelea. Nimefundisha kwenye zote tatu. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiwa nimeongeza kidogo kwa ajili ya wengine wanaotoka Tabora, Kigoma na wilaya zake, ambao wanauliza swali hilohilo.

Kwanza, huku kwetu ni mbali

Anayejifunzia pwani ana viwanja karibu karibu. Akiona geji inashuka kuliko alivyotegemea, anageuza pua na baada ya muda mfupi ametua. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ni kama maili za baharini 189, yaani kilomita 350. Tabora hadi Dodoma ni 186, na Tabora hadi Mwanza 158. Katikati ni miombo na tena miombo, mto Malagarasi na tambarare zake za maji, halafu reli. Reli hiyo iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 bado ni mwongozo mzuri kwa rubani anayesafiri kwa macho: Uvinza, Kaliua, Urambo, unazihesabu moja moja kama shanga. Ukipata kiwanja cha udongo njiani unaweza kutua salama, ila hakikusaidii kuendelea kama hakuna pipa la mafuta ya aina yako.

Kuna na upepo. Wakati wa kiangazi, mara nyingi huku unavuma kutoka mashariki. Ukitoka Tabora kwenda ziwani unakusukuma, unafika Kigoma ukiwa na furaha na mafuta tele. Kurudi ndiko kwenye kazi. Nimewaona marubani wachanga wakipanga safari ya kurudi kwa muda uleule waliotumia kwenda, na hesabu yao ilikuwa imeharibika kabla hawajawasha injini.

Namba zenyewe

| | Cessna 172N | Piper Warrior II | Diamond DA40 NG |
|---|---|---|---|
| Mabawa | juu | chini | chini |
| Aina ya mafuta | avgasi (petroli ya ndege) | avgasi | Jet A-1 (mafuta ya taa ya ndege) |
| Mafuta yanayotumika, matanki yakijaa | lita 151 | lita 182 | lita 148 (matanki makubwa) |
| Matumizi kwa saa, safari ya kawaida | lita 30–35 | lita 32–38 | lita 20–26 |
| Swichi ya tanki | kushoto, kulia, yote mawili, funga | kushoto, kulia, funga | kawaida, dharura, funga |
| Pampu ya umeme | haina | inayo | inazo |

Ukisikia "Cessna 172" tu, bado hujaambiwa kitu. Zipo za miaka mingi. 172S, kwa mfano, inabeba lita 201 zinazotumika, injini yake haina kabureta, na ina pampu ya umeme. Hata 172N zipo zenye matanki makubwa zaidi. Kinachokuhusu ni kitabu cha ndege ile utakayopanda, chenye namba yake ya usajili.

Na angalia neno "yanayotumika". 172N ina tanki za jumla ya lita 163 hivi, lakini kama 11 hazifiki kwenye injini. Zipo, zina uzito, umezilipia, na hazikurushi hata hatua moja.

Cessna: simtanki juu ya paa

Mabawa ya Cessna yako juu ya kichwa chako, na mafuta yako ndani ya mabawa. Yanashuka kwenye injini yenyewe, kama maji ya simtanki lililowekwa juu ya nyumba. Hakuna pampu ya kuharibika. Unaweka swichi kwenye "yote mawili", na kwa kuruka na kutua kitabu kinataka iwe hapo hapo. Mwanafunzi wa saa tano, ambaye bado anapambana na usukani, redio na miguu kwa pamoja, anapata nafuu kubwa. Hakuna tanki la kusahau.

Nafuu hiyo ina gharama yake. Nimewapokea wanafunzi waliosoma saa 40 kwenye 172, na 40 ndicho kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi, ambao hawajawahi hata mara moja kuigusa ile swichi angani. Ukiwauliza katikati ya safari wana lita ngapi, wanatazama geji. Geji za ndege hizi zinatumia boya linaloelea ndani ya tanki. Hewa ikichafuka mshale unacheza, ndege ikipinda mshale unadanganya. Haziwezi kuwa ushahidi pekee wa jambo linaloshika uhai wako.

Tanki la juu pia halionekani. Ili ulifungue inabidi ukanyage vikanyagio vya kwenye mwili wa ndege, upande, ushike, utumbukize kijiti cha kupimia. Jua la saa nane mchana, bati la moto, mwalimu anatazama saa. Hapo ndipo watu wanapoanza kusema "jana ilijazwa".

Kijiti chenyewe kiliwahi kunitia adabu. Nikiwa mwanafunzi, chuo tulichokuwa kilikuwa na Cessna mbili zinazofanana kwa rangi, moja ya matanki ya kawaida na nyingine ya matanki makubwa. Vijiti vyao vilikaa pamoja kwenye ndoo moja. Nilichukua kimoja, nikapanda, nikapima, nikaandika, nikaruka safari ya saa mbili peke yangu. Niliporudi, aliyekuwa anajaza mafuta alishusha mpira akanitazama: tanki zimekunywa kupita nilivyomwambia. Tulipiga hesabu pamoja pale juani. Nilikuwa nimetua na mafuta ya dakika ishirini na tano hivi. Kijiti kilikuwa cha ile ndege nyingine. Tanki lake ni refu zaidi ndani ya bawa, kwa hiyo kina kilekile cha mafuta kinamaanisha lita nyingi zaidi kwake kuliko kwangu. Nilikuwa nimepima kwa uangalifu kabisa, kwa kipimo cha mwingine. Usiku huo sikulala vizuri, na mpaka leo siamini kijiti kisichoandikwa namba ya ndege.

Jambo moja dogo kwa wanaoegesha Tabora. Tanki la 172 linapumua kupitia bomba dogo chini ya bawa la kushoto. Nchi yetu ni ya nyuki na nyigu. Nyigu akijenga udongo wake mle, hewa haiingii vizuri kuchukua nafasi ya mafuta yanayotoka, na injini inaweza kufa njaa huku tanki zina mafuta. Chungulia kila asubuhi.

Piper: kisima na pampu

Warrior ina mabawa chini, kwa hiyo mafuta yako chini ya injini. Ni kama kisima: bila pampu hayapandi. Ipo pampu inayozungushwa na injini yenyewe, na ipo ya umeme ya kuisaidia wakati wa kuruka, kutua, na kubadili tanki. Tena swichi yake haina nafasi ya "yote mawili". Ni kushoto au kulia. Ukiisahau, tanki moja litakauka na injini itanyamaza, hata kama bawa la pili limejaa hadi mdomoni.

Ukiisoma hivyo inatisha, na wapo walimu wanaoikwepa kwa sababu hiyo. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

Kila nusu saa mwanafunzi wa Piper analazimika kufanya jambo. Anatazama saa. Anawasha pampu ya umeme, anahamisha swichi, anatazama geji ya presha ya mafuta, anasubiri kidogo injini ikiendelea kuunguruma vilevile, halafu anazima pampu. Anaandika: saa ngapi, tanki lipi, limebaki na kiasi gani. Baada ya saa mbili karatasi yake ya gotini ina mistari minne, na mistari hiyo ni hesabu ya kweli ya safari. Ukimwuliza ana lita ngapi, hatazami geji kwanza. Anatazama karatasi, halafu geji, na visipopatana anaanza kutafuta sababu. Mazoea ya aina hiyo hayaji kwa kuhubiriwa darasani. Yanakuja kwa mkono uliorudia kitu kilekile mara mia mbili.

Wachunguzi wa ajali hutenganisha mambo mawili ambayo abiria huona ni kitu kimoja: mafuta kuisha kabisa, na mafuta kuwepo lakini yasifike kwenye injini. La pili ndilo la swichi. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilihesabu kwamba kati ya 2011 na 2015 ajali za usimamizi mbaya wa mafuta kwenye ndege za kiraia zisizo za mashirika zilikuwa zaidi ya 50 kwa mwaka kwa wastani. Karibu nusu ya marubani wa ajali hizo walikuwa na leseni ya biashara au ya juu zaidi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hili ni kosa la wanafunzi wanaoanza.

Mengine ya Piper nitayataja haraka. Mfuniko wa tanki uko kwenye usawa wa kiuno, unafungua na kuchungulia bila kupanda popote. Ndani ya mdomo wa tanki kuna kibati cha alama: mafuta yakigusa pale una kama lita 64 kwa tanki. Unaruka na kutua kwa tanki lenye mafuta mengi zaidi. Na usibadili tanki sekunde chache kabla ya kuruka. Badili mapema, injini ithibitishe ardhini kwamba tanki hilo linalisha.

Diamond: ghala upande wa kulia

DA40 NG ni ya kizazi kingine. Injini yake ya Austro inafanya kazi kwa mfumo wa dizeli, lakini inakunywa Jet A-1. Ina mkono mmoja tu wa nguvu, na kompyuta ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta ya kuchanganya na hewa. Tanki la kushoto ndilo linalolisha injini. La kulia ni ghala: unawasha pampu ya kuhamisha, mafuta yanatoka kulia kwenda kushoto. Kitabu kinaweka kikomo cha tofauti kati ya matanki mawili, na lazima ukiheshimu ili ndege isilemee upande mmoja. Ile nafasi ya "dharura" kwenye swichi inaifanya injini ivute moja kwa moja kutoka tanki la kulia. Mwanafunzi ataigusa kwenye mazoezi tu, na ajue vizuri kwa nini.

Kwa uchumi haina mpinzani hapa. Lita 20 hadi 26 kwa saa, na inakwenda kasi kuliko hizo mbili. Halafu linakuja suala la huku kwetu. Ndege za abiria zinazotua Tabora na Kigoma, Dash 8 za Air Tanzania zikiwemo, zinatumia Jet A-1. Avgasi ni chakula cha ndege ndogo za pistoni peke yake. Anayekuja huku na Cessna 172 au Warrior anapaswa kupiga simu kabla: avgasi ipo, ni lita ngapi, na nani atakuwepo siku hiyo wa kufungua. Jibu la "huwa ipo" halitoshi kupandia ndege.

Ninachokisikitikia kwenye Diamond ni ule mkono mwekundu wa kupunguza mafuta yanayochanganywa na hewa, ambao haupo. Kwenye Cessna na Piper, ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na usipopunguza mafuta kwa mkono injini inakunywa bure. Tabora penyewe uwanja uko karibu mita 1,180 juu ya bahari, na safari ya kutoka Kigoma kuelekea mashariki utairuka futi 7,500. Mwanafunzi asiyejua kupunguza atatumia lita kadhaa za ziada kila saa, na kile kitabu kinachomwahidi saa nne na nusu angani kitakuwa kinamzungumzia mtu mwingine. Aliyejifunza kwenye Diamond pekee atakutana na mkono huo siku atakapokodi ndege ya zamani, pengine akiwa peke yake.

Skrini yake pia inataka tahadhari. Inaonyesha mafuta yanayopita kila saa, yaliyotumika na yaliyobaki, kwa tarakimu safi zinazovutia macho. Lakini hesabu ile ya yaliyobaki inaanza na namba uliyoiingiza wewe kabla ya kuondoka. Ukiingiza uongo, itautoa uongo huo kidogo kidogo, kwa usahihi mkubwa, mpaka injini izime.

Na kwa kuwa aina mbili za mafuta zinaweza kuwa kwenye uwanja mmoja, simama mwenyewe wakati wa kujaza. Avgasi ya 100LL ni ya buluu na lebo yake ni nyekundu. Jet A-1 haina rangi au ina njano hafifu, na lebo yake ni nyeusi. Dondoshea kwenye karatasi nyeupe: avgasi inakauka bila alama, Jet A-1 inaacha doa la mafuta kama karatasi ya maandazi. Jet A-1 kwenye tanki la Cessna ni hatari ya kuua, kwa sababu injini inaweza kuwaka na kutembea ardhini kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, halafu ikakataa baada ya kupaa. Kinyume chake pia ni kosa kubwa: avgasi haina ulainishaji ambao pampu ya injini ya dizeli inauhitaji.

Safari moja, ndege tatu

Nilimpigia mpwa wangu hesabu ya Kigoma–Tabora, kiangazi, upepo wa noti 15 usoni. Cessna na Piper nimezipa noti 110, yaani maili za baharini 110 kwa saa, na lita 34 kwa saa ili nisijidanganye. Baada ya upepo zinabaki noti 95, kwa hiyo safari ni saa mbili kamili: lita 68. Kuwasha, kutembea ardhini na kupanda naongeza lita 8. Tabora ikifungwa kwa mvua au ajali kwenye njia ya kurukia, uwanja wangu wa pili ni Shinyanga, maili 97, karibu saa nzima: lita 34. Kanuni za kimataifa za safari ya mchana kwa macho zinataka akiba ya dakika 30; mimi sishuki chini ya 45, ambazo ni lita 26. Jumla lita 136.

Cessna 172N iliyojaa ina 151. Inabaki 15, chini ya nusu saa. Unakwenda, ila huna nafasi ya kuzunguka kutazama ziwa.

Warrior iliyojaa ina 182, unabaki na 46, na moyo umetulia. Lakini Warrior iliyojazwa mpaka kwenye kibati, kama vyuo vingi vinavyofanya ili kupunguza uzito, ina 128 hivi kwa tanki zote mbili. Haitoshi. Ndege ileile, rubani yuleyule, na jibu limegeuka kwa sababu ya kibati cha vidole viwili. Hapo ndipo ninapotaka mwanafunzi aelewe kwamba "imejazwa" ni neno lisilo na lita ndani yake.

Diamond kwa noti 120 na lita 25 kwa saa: safari lita 45, kuwasha na kupanda 5, Shinyanga 22, akiba 19. Jumla 91, na matanki makubwa yakijaa zinabaki 57.

Uzito usisahau. Lita ya avgasi ni kilo 0.72, ya Jet A-1 ni 0.8. Na vipimo ndivyo vilivyowahi kuishusha ndege kubwa kuliko hizi zote. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa sababu lita ziligeuzwa kuwa uzito kwa kutumia 1.77, namba ya ratili, badala ya 0.8 ya kilo. Iliruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Marubani wake waliiongoza ikielea bila injini mpaka Gimli, Manitoba, Kanada, na hakuna aliyekufa. Huku kwetu pampu inauza kwa lita, kitabu cha ndege ya Marekani kinasema galoni zao za lita 3.785, mzee fulani atakuambia galoni akimaanisha za Kiingereza za lita 4.546, na siku ukifika kwenye Caravan, ile Cessna kubwa ya kubebea abiria, geji zake zitakusomea ratili. Andika kipimo mbele ya kila namba, kila siku, hata pale unapoona ni wazi.

Nilichomshauri

Mpwa wangu anataka kazi. Ndoto yake ni Caravan za kwenda mbugani, na zile zina swichi mbili za matanki, kushoto na kulia, na Jet A-1. Kwake nilisema Piper. Mkono wake uzoee kubadili, kuandika, kulinganisha, na ule mkono mwekundu aujue. Huko mbele kila ndege itamwonea huruma.

Kwa mfanyabiashara wa Kigoma mwenye miaka hamsini, anayetaka leseni ili aruke mwenyewe kwenda Mwanza na kurudi, ningesema Diamond bila kusita. Mafuta yake ana nafasi nzuri zaidi ya kuyapata, na ndege inamsamehe mengi. Anayejua kwamba atatumia Cessna ya familia au ya misheni maisha yake yote, ajifunzie Cessna, ila amwombe mwalimu safari kadhaa za Piper kabla ya mtihani.

Kisha nikamwongezea sharti moja linalozidi yote hayo. Nilimwambia apige simu vyuo vyote vitatu na aulize: kijiti cha kila ndege kimeandikwa namba ya ndege hiyo? Na baada ya safari, mnalinganisha lita alizokadiria mwanafunzi na lita zilizoingia kwenye tanki?

Chuo cha Diamond walimwambia hayo atajifunza akifika. Cha Piper walisema huwa wanajaza kila wakati, asiwe na wasiwasi. Cha Cessna, mwalimu alimwambia "subiri, dada," akasikika akitembea, akafungua mlango wa ndege, akamsomea namba iliyochongwa kwenye kijiti na tarehe kilipopimwa upya. Halafu akamtajia tofauti ya jana: mwanafunzi alikadiria 38, tanki likanywa 40.

"Mjomba, sasa?"

"Nenda Cessna."

Yuko huko tangu mwezi wa Tisa. Nilimpa kazi moja ya ziada: kila nusu saa angani aandike saa na lita, hata kama hakuna swichi ya kugeuza. Juzi alinitumia picha ya karatasi yake ya gotini, mistari mitatu kwa kalamu ya risasi, maandishi yametetemeka kidogo kwenye mstari wa pili. Chini ameandika: makadirio 41, pampu 43. Na chini yake ujumbe: "Mjomba, hizo mbili zimekwenda wapi?"

Nikamjibu: "Ulikaa ardhini dakika ngapi injini ikiwaka kabla ya kuruka?"